Gari Lililo Juu ya Mawe: Bei Yake ni Ipi Mwenyewe Anapohama Moshi?

SOKO LA MAGARI NA VIPURI, KILIMANJARO
Na Mwandishi Wetu, Moshi

Katika gereji za Moshi mjini, na nyuma ya nyumba nyingi za Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, upo mtaji ambao umelala. Ni magari yaliyonunuliwa yakiwa mabovu kwa nia ya kufufuliwa, yakafunguliwa, yakaanza kutengenezwa, kisha kazi ikasimama. Injini iko chini ya turubai, milango imeegemezwa ukutani, na chasisi imekaa juu ya mawe au magogo ikisubiri fedha ya mwezi ujao. Kwa kawaida mwenye gari hana haraka. Haraka huja siku anapopata barua ya uhamisho, mkataba wake unapokwisha, au anapopata kazi Dar es Salaam au ng'ambo. Hapo ndipo gari ambalo halijakamilika linapogeuka kutoka ndoto na kuwa bidhaa, tena bidhaa ngumu kuuza.

Ukurasa huu unaangalia soko hilo kwa pande mbili. Muuzaji anataka kujua aombe kiasi gani bila kujidanganya wala kudhulumiwa. Mnunuzi, hasa mfanyabiashara mdogo wa vipuri au fundi mwenye akiba kidogo, anataka kujua ni gari lipi lina faida ndani yake na lipi ni shimo la kufukia fedha.

WANAOHAMA NDIO WANAOLISHA SOKO

Moshi ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu hapo imepokea madaktari na wauguzi wa mkataba kutoka nchi nyingi. Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, na chuo cha ushirika ambacho mwaka 2014 kilipandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, navyo vina walimu na wanafunzi wasiokaa milele. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, misheni za Kikatoliki na za Kilutheri mlimani, benki na ofisi za serikali, zote hizo huajiri watu ambao siku moja watafungasha mizigo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1973 serikali ilipotwaa mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi mkoani Kilimanjaro, watu walioyaendesha kwa miaka mingi waliondoka, na mtu anayeondoka habebi trekta mgongoni. Tangu enzi hizo soko la hapa limejua siri moja: mwenye haraka ndiye anayepangiwa bei. Mnunuzi mzoefu wa Moshi haulizi kwanza hali ya injini. Anauliza, "Mzee unasafiri lini?" Jibu la swali hilo ndilo linalokata bei.

Kuna pia kundi la pili, nalo ni wenyeji. Mchaga anayefanya kazi Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi huacha gari kihambani chini ya migomba, akitarajia kulimaliza kila Desemba anapopanda nyumbani. Desemba zinapita. Watoto wanaanza sekondari, ada zinapanda, na gari linageuka banda la kuku. Huyu naye hatimaye huuza, ingawa hahami mwili. Amekwisha kuhama moyo.

KWA NINI GARI BOVU BADO LINA THAMANI

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini mtu anunue chuma kilicholala wakati magari ya Kijapani yaliyotumika yanashuka bandarini Dar es Salaam kila wiki? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linagawa soko sehemu mbili.

Kabla ya mwaka 1984 hakukuwa na njia nyingine. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na gari likifa lilifufuliwa kwa kila hila. Mwaka huo serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mlango ulianza kufunguka, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi. Tangu hapo gari dogo la kawaida ambalo halijakamilika halina soko la maana. Mtu hawezi kutumia miezi minane kufufua Corolla ya zamani wakati nyingine inayotembea, yenye viti visivyochanika, ipo tayari sokoni. Gari la aina hiyo likifunguliwa na kusimama, thamani yake ni vipuri na chuma, basi.

Lakini gari la kazi ni habari nyingine. Barabara kuu ya Arusha hadi Himo na Holili ni ya lami, na lami imepanda kwenda Machame, Kibosho, Marangu na kuzunguka Rombo hadi Tarakea. Hata hivyo ukiacha lami na kuingia barabara za vijiji wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Mwenye ndizi, maziwa, mbao au saruji ya kupandisha anahitaji gari lenye difu mbili na chasisi imara. Magari hayo yakiwa mapya ni ghali mno. Hata yaliyotumika yana mzigo wa kodi: ushuru wa forodha wa asilimia 25 kwa magari mengi, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na kwa magari yasiyo ya kazi yaliyozeeka, ushuru wa nyongeza kwa sababu ya umri. Gari ambalo tayari limesajiliwa nchini limekwisha kuvuka mto huo. Kwa hiyo mnunuzi wa Land Rover iliyo juu ya mawe ananunua vitu viwili: chuma, na kadi halali yenye jina la mtu aliye hai na anayepatikana.

GARI GANI LINA WATEJA

Kwanza ni Land Rover. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1948. Series II ilitoka mwaka 1958, Series III mwaka 1971, na One Ten mwaka 1983, kabla ya jina la Defender kuanza kutumika mwaka 1990. Uzalishaji wa Defender ya zamani ulikoma Januari 2016. Bodi zake ni za aluminiamu, hivyo haziliwi na kutu kama bati la kawaida, lakini chasisi ni ya chuma na ndiyo inayokufa. Mnunuzi mwerevu hulala chini ya gari na nyundo ndogo kabla hajatazama rangi. Moshi ina nafuu moja hapa: hatuna hewa ya chumvi kama Tanga au Dar es Salaam, hivyo chasisi iliyokaa mjini chini ya bati huwa salama kuliko ile iliyokaa pwani. Ile iliyolala kihambani juu, kwenye mvua nyingi na majani ya migomba, ina maswali yake.

Hamu ya magari haya imeongezeka. Oktoba 2024 jijini Arusha lilifanyika tamasha la Land Rover lililokusanya mamia ya magari hayo kwa siku kadhaa, na wengi walioyadharau wakaanza kuyatazama kwa jicho jingine. Tahadhari ni kwamba hamu ya tamasha si sawa na fedha mkononi. Anayepigia simu kuuliza bei ni mmoja, anayekuja na gari la kuvuta ni mwingine.

Pili ni Land Cruiser za mfululizo wa 70, hasa zenye injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164. Injini hii ni kama shilingi yenyewe: inakubalika kila mahali. Kampuni za utalii za Arusha na Moshi zinaitegemea, na kila fundi anaijua. Gari la aina hii hata likiwa limefunguliwa, injini na giaboksi peke yake vinaweza kubeba sehemu kubwa ya bei.

Tatu ni Peugeot 404 na 504. Hizi zina wapenzi kwa sababu ya historia. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka hapa hapa Tanzania. Mtu anayetafuta 404 anatafuta kumbukumbu, na mteja wa kumbukumbu ni mmoja kwa mwaka. Ukiwa na miezi sita, msubiri. Ukiwa na wiki tatu, usimtegemee.

Msomaji asije akadhani kwamba tajiri wa Nairobi atavuka Taveta na kulipa bei ya juu. Kenya hairuhusu kuingiza na kusajili magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Kwa hiyo mnunuzi kutoka ng'ambo ya Holili mara nyingi ananunua vipuri tu, na atakupa bei ya vipuri.

HESABU YA BEI: ANZA MWISHO, RUDI NYUMA

Kosa kubwa la wauzaji ni kujumlisha walichotumia. "Nimetia milioni 11 humu," anasema mwenye gari, na anaamini soko linamdai heshima. Soko halijui risiti zako. Soko linajua gari hili likimalizika litauzwa shilingi ngapi, na kazi gani imebaki.

Tuchukue mfano wa Land Rover 109 iliyosimama njiani. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu; kila mtu aweke za gari lake.

Tuseme gari kama hilo likikamilika na kutembea vizuri linauzwa shilingi 15,000,000. Kazi iliyobaki ni bodi na rangi 2,500,000. Waya na fundi umeme 600,000. Viti na turubai 900,000. Matairi matano 1,500,000. Na breki pamoja na vitu vidogo 500,000. Jumla ni shilingi 6,000,000.

Sasa ongeza asilimia 20 ya kazi hiyo kwa mambo yasiyoonekana, maana hakuna gari lililofunguliwa ambalo halifichi ugonjwa mwingine. Hiyo ni 1,200,000. Mnunuzi naye atalaza fedha yake miezi sita na kusimamia mafundi. Hawezi kufanya hivyo bure. Tumpe 2,000,000. Gari la kuvuta, ushuru wa stempu na gharama za kuhamisha umiliki tuziweke 300,000.

Toa zote katika 15,000,000. Kinachobaki ni shilingi 5,500,000. Hiyo ndiyo bei ambayo mnunuzi mwenye akili anaweza kulipa. Mwenye gari aliyetia milioni 11 amepoteza nusu. Inauma, lakini milioni 5.5 zilizopo benki Moshi zinamsaidia kuanza maisha mapya kuliko milioni 11 za hadithi.

KUUZA ZIMA AU KUVUNJA?

Njia ya pili ni kuuza kipande kwa kipande. Kwa gari lile lile, tuseme injini na giaboksi vinaleta 3,000,000. Difu na ekseli 1,200,000. Milango, boneti na bodi 1,300,000. Rimu, viti na vitu vidogo 500,000. Jumla ni 6,000,000, na mwenye gari anafurahi kwamba amepita ile 5,500,000.

Asifurahi mapema. Fundi wa kufungua na kupanga atataka 400,000. Dalali akichukua asilimia 10, ni 600,000. Kodi ya sehemu ya kuhifadhi kwa miezi mitatu, kwa 50,000 kila mwezi, ni 150,000. Kinachobaki ni 4,850,000, na bado chasisi imelala pale. Juu ya hayo, vipuri haviuziki kwa mpangilio unaoutaka wewe. Injini itaondoka wiki ya kwanza. Mlango wa kushoto utakaa hadi mwakani. Mtu anayehama baada ya siku 60 hawezi kukaa kusubiri mteja wa mlango wa kushoto.

Hata hivyo hesabu ya kuvunja ina kazi moja muhimu: inakupa sakafu. Mnunuzi akitoa chini ya 4,850,000 katika mfano wetu, mwambie ahsante na endelea. Akitoa kati ya sakafu hiyo na 5,500,000, kaeni chini mzungumze. Biashara haigombi.

Kwa gari dogo la kawaida, mambo hugeuka. Hapo thamani ya likikamilika ni ndogo kuliko gharama ya kulikamilisha, na kuvunja ndiyo njia pekee. Uza injini, uza giaboksi, kilichobaki mpe muuza chuma chakavu, na usitie shilingi nyingine.

Wapo wanaouliza kama ni busara kumalizia kazi moja au mbili kabla ya kuuza. Kanuni ni rahisi. Fanya kazi inayoondoa shaka, acha kazi inayoongeza uzuri. Injini iliyofanyiwa ovahoo lakini haijawahi kuwaka ni fumbo. Ukitumia fedha kidogo kuifunga, kuitilia mafuta na betri na kuiwasha mbele ya mnunuzi, umeondoa shaka yote. Rangi mpya juu ya bodi isiyonyooshwa inaongeza shaka, kwa sababu mnunuzi atajiuliza puti imefunika nini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

KARATASI KWANZA, SPANA BAADAYE

Katika mauzo ya gari lisilokamilika, hasara kubwa hutokea kwenye karatasi. Kabla ya kutangaza, mwenye gari apitie mambo haya.

La kwanza ni jina kwenye kadi. Magari mengi ya zamani yamepita mikono mitatu au minne bila umiliki kuhamishwa, na kadi bado ina jina la mtu aliyehama miaka mingi iliyopita. Sheria ya mauzo ya bidhaa ina msingi wake wa kale: mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Kama wewe mwenyewe hukuhamisha, mtafute uliyemnunulia sasa, kabla hujapanda ndege.

La pili ni namba. Kadi ina namba ya chasisi na ya injini. Gari lililobadilishwa injini, kama Land Rover nyingi zilizotiwa injini za Kijapani, lazima kadi yake irekebishwe, na risiti ya injini hiyo iwepo. Injini isiyo na maelezo humfikisha mnunuzi polisi.

La tatu ni madeni. Hadi mwaka 2017, wakati serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, gari lililokaa juu ya mawe liliendelea kudaiwa kila mwaka kana kwamba linatembea. Fika ofisi ya TRA ukaulize kama namba yako ina mzigo wowote, pamoja na faini za barabarani, kabla mnunuzi hajauliza yeye.

La nne linawahusu wageni wa mikataba, misheni na mashirika. Gari lililoingizwa kwa msamaha wa kodi haliwezi kuuzwa kwa mtu asiye na msamaha mpaka kodi ilipwe. Wengi hugundua jambo hili wiki ya mwisho, wakati tiketi imekwisha kukatwa. Kodi hiyo inaweza kuizidi thamani ya gari lililofunguliwa. Anza na forodha miezi mitatu kabla, na ikiwezekana mtafute mnunuzi ambaye naye ana haki ya msamaha.

La tano ni fundi. Sheria ya mikataba inampa aliyetengeneza kitu haki ya kukishikilia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Gari likiwa gerejini na deni la fundi halijalipwa, usimpeleke mnunuzi pale ukitarajia amani. Mlipe fundi, au mkubaliane kwa maandishi kwamba atalipwa katika fedha ya mauzo, naye atakuwa wakala wako badala ya kuwa mpinzani wako. Fundi ndiye wa kwanza kuulizwa na mnunuzi, "Hivi hili gari likoje?" Neno lake moja linaweza kuongeza laki tano au kuziondoa.

GARI LA MAREHEMU

Huku mlimani liko jambo la peke yake, nalo lina uzito kuliko kodi. Land Rover nyingi zilizolala vihambani ni za baba aliyefariki. Mtoto aliyebaki nyumbani, au yule anayehamia mjini, anaona gari ni mali iliyokufa, anamwita mnunuzi na kupokea fedha. Miezi mitatu baadaye ndugu wanarudi kwa Krismasi, wanaona mahali pa gari pana majani, na kesi inaanza.

Gari hilo ni sehemu ya mirathi. Anayeweza kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za hapa huanzia Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo. Mnunuzi asikubali maneno ya "baba aliniachia mimi". Aombe kuona barua ya usimamizi, na muhtasari wa kikao ukiwepo ni bora zaidi. Gharama ya kufuata njia hiyo ni ndogo ukilinganisha na gari lililomalizika kutengenezwa kwa milioni sita na kisha kuzuiwa polisi kwa sababu dada wa marehemu hakushirikishwa. Zaidi ya fedha, kuna undugu. Chuma cha baba kikiuzwa kwa siri hakirudi, na hata fedha ikirudishwa, maneno hayafutiki.

SIKU YA MAKUBALIANO

Mkataba wa mauziano uandikwe, hata kwa gari lisilo na magurudumu. Uonyeshe majina kamili, namba ya gari, namba ya chasisi, namba ya injini, bei, na namna ya kulipa. Kisha uambatishwe orodha ya vipande vyote: starta moja, alteneta moja, milango minne, hedi iliyosawazishwa, na kadhalika. Gari lililofunguliwa linapotea kipande kwa kipande kati ya siku ya kulipa na siku ya kubeba. Piga picha kila kitu, kila upande utie saini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kuhamisha umiliki kunafanyika TRA kwa kadi halisi, mkataba, vitambulisho na namba ya mlipakodi. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, pamoja na ada ya uhamisho na ya kadi mpya. Muuzaji anayehama asiondoke kabla jina halijabadilishwa. Akimwachia mnunuzi kadi na kusema "utamalizia mwenyewe", gari linabaki la kwake kwenye daftari la serikali. Likija kugonga mtu Hedaru au kukamatwa na magendo Tarakea, atatafutwa yeye.

Kama muda umekwisha kabisa, amwachie mtu anayemwamini hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa na wakili, ikitaja gari hilo tu na bei ya chini ambayo mwakilishi hataivuka. Hati pana isiyo na mipaka humfanya hata ndugu mwema aingie majaribuni.

Malipo ya awamu ni jambo la kuepuka kwa anayeondoka. Mnunuzi anayelipa nusu leo na nusu "mwezi ujao kahawa ikilipwa" anaweza kuwa mkweli, lakini wewe hutakuwepo kumkumbusha. Afadhali milioni 4.9 taslimu kuliko milioni 6 ambazo nusu yake iko hewani.

Na jambo la mwisho: kadi isiuzwe peke yake. Wapo wanaotafuta kadi za magari yaliyokufa ili kuvisha magari ya wizi. Bei yao hutamanisha, lakini aliyeuza jina lake amejiweka kwenye kesi ya mtu mwingine. Gari likivunjwa lote, rudisha kadi na namba TRA ili lifutwe kwenye daftari.

MWELEKEO WA SOKO KWA MWAKA

Anayejua kwamba atahama anaweza kuchagua mwezi, na mwezi una bei yake. Januari na Februari fedha ni adimu. Ada za shule zimemeza kila kitu, na wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi. Mnunuzi mwenye akiba, huo ndio wakati wako. Masika hamu ya magari yenye difu mbili huongezeka, lakini kuvuta gari bovu kutoka kijijini kwenye tope ni gharama, hivyo yaliyoko mjini ndiyo yanayouzika. Kuanzia Julai msimu wa kahawa huanza na ukavu hurahisisha kazi ya bodi na rangi; wenye gereji hutafuta miradi. Novemba hadi wiki ya pili ya Desemba ndicho kilele: wenye fedha wanapanda nyumbani, ndugu wanaonana, na maamuzi yanafanyika. Baada ya Krismasi mifuko imetoboka.

Kwa muuzaji, ratiba nzuri ni ya siku 90. Siku 30 za kwanza zitumike kwa karatasi, orodha na kuwasha injini. Siku 30 zinazofuata gari liuzwe zima kwa bei ya haki, bila kutaja tarehe ya safari. Siku 30 za mwisho teremka taratibu hadi kwenye sakafu, na ukifika hapo, vunja au uza.

Kwa mnunuzi mdogo, usinunue gari la pili kabla la kwanza halijatembea. Wengi walio na magari matatu juu ya mawe walianza kama wafanyabiashara. Leo wao wenyewe ni wauzaji, na siku wakipata barua ya uhamisho, kuna mtu atakayewauliza, "Mzee unasafiri lini?"